Kuingia kwenye saratani kwa mlango wa neva: uchambuzi wa kisa cha Michelle Monje

Mwezi Januari 1962, Karen Armstrong, binti wa rubani Neil Armstrong ambaye miaka saba baadaye angekanyaga mwezi, alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu kwa sababu ya uvimbe wa saratani ulioota ndani ya shina la ubongo wake. Tiba aliyopewa ilikuwa mionzi. Miaka 40 baadaye, mtoto aliyegundulika kuwa na uvimbe wa aina hiyo, ambao madaktari huuita kwa ufupi DIPG, alipewa mionzi vilevile, kwa kuwa hapakuwa na dawa hata moja iliyothibitika kumwongezea siku za kuishi. Wengi walifariki ndani ya mwaka mmoja hivi, na waliofikisha miaka mitano walikuwa wachache mno, pengine mmoja au wawili katika kila 100. Siwezi kuandika takwimu hiyo bila uchungu, na sidhani kwamba yeyote aliyewahi kuisoma mbele ya mzazi anaweza.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, daktari wa neva na mtafiti wa sayansi ya neva, ambaye leo ni miongoni mwa viongozi wa utafiti wa saratani za ubongo unaofanywa kwa ushirikiano wa maabara na hospitali nyingi. Simulizi za taaluma kama yake husemwa kwa kawaida kana kwamba mtu aliacha fani moja akahamia nyingine. Kwa maoni yangu hilo si sahihi kwa kisa hiki, na kosa hilo linaficha jambo lenye faida zaidi. Monje hakuhama. Alibaki na swali la mtaalamu wa neva mahali ambapo wataalamu wa saratani hawakuwa wakiliuliza, na nafasi ya kuongoza wengine aliipata hasa kwa kuwagawia kile ambacho kila mmoja wao alikikosa.

Tuanze na swali lenyewe. Baada ya shahada ya biolojia katika chuo cha Vassar, Monje alisoma Stanford udaktari wa tiba pamoja na uzamivu wa sayansi ya neva, akamaliza mwaka 2004. Utafiti wake wa uzamivu, alioufanya katika maabara ya Theo Palmer, ulitokana na jambo ambalo kila daktari wa saratani za watoto alikuwa akiliona kliniki: mtoto anapona saratani kwa mionzi ya kichwa, lakini anarudi shuleni akiwa na kumbukumbu dhaifu na fikra zinazokwenda polepole kuliko zamani. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba mionzi imeua seli. Mwaka 2002, katika jarida la Nature Medicine, Monje na wenzake walionyesha kwamba maelezo hayo hayakutosha, kwa sababu hata seli shina zenye afya zikipandikizwa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya iliyokwisha kupigwa mionzi hushindwa kugeuka kuwa nyuroni, yaani seli za neva zinazopitisha ishara. Kilichoharibika kilikuwa ni mazingira. Mwaka uliofuata, katika Science, walieleza kwamba seli za kinga za ubongo, yaani mikroglia, zilizobaki zimechachamaa baada ya mionzi ndizo zilizokuwa zikizuia kuzaliwa kwa nyuroni mpya, na kwamba indomethacin, dawa ya siku nyingi ya kutuliza uvimbe na maumivu, iliwarudishia panya sehemu ya uwezo huo.

Nimekaa kwenye kazi hii ya mwanzo kwa sababu mbegu ya yote yaliyofuata imo humo. Saratani ilikuwamo katika kazi yake tangu uzamivu, ila aliitazama kwa upande wa ubongo unaoathirika. Tena alikwisha kuzoea kumtazama jirani wa seli kabla ya kuilaumu seli yenyewe, mazoea ambayo katika sayansi ya saratani ya miaka ile, iliyokuwa imezama katika kutafuta jeni zilizoharibika, hayakuwa ya kawaida.

Alifanya mafunzo ya udaktari wa neva katika hospitali za Chuo Kikuu cha Harvard mjini Boston, kisha akarudi Stanford, ambako alifanya utafiti katika maabara ya Philip Beachy, bingwa wa njia ya mawasiliano ya seli iitwayo Hedgehog. Hapo ndipo alipokutana na kikwazo ambacho, nikipima, ndicho kiini cha kisa chote.

DIPG huota kwenye ponsi, sehemu ya shina la ubongo inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, ambamo hupita neva za macho, uso, kumeza na kupumua. Haioti kama jiwe ambalo mpasuaji angeweza kulichomoa. Seli zake hujichanganya na seli zenye afya jinsi chumvi inavyochanganyika na maji, na hakuna kisu kinachoweza kuzitenga. Kwa kuwa picha ya MRI ilitosha kuutambua ugonjwa, na kwa kuwa kuchukua hata kipande kidogo cha ponsi kulihesabiwa kuwa hatari isiyo na faida kwa mgonjwa, madaktari kwa miongo mingi hawakuchukua tishu yoyote. Huruma hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilizaa fumbo: bila tishu hakuna seli za kukuza maabara, bila seli hakuna pa kujaribia dawa, na bila dawa hapakuwa na sababu ya kuchukua tishu. Madaktari waliishia kujaribu dawa zilizotengenezwa kwa saratani za watu wazima, zikashindwa moja baada ya nyingine.

Uamuzi wa kwanza mkubwa wa Monje haukuwa wa maabara. Ulikuwa wa kukaa na wazazi na kuwaomba wakubali kwamba, mtoto wao akifariki, sehemu ya ubongo wake itolewe kwa ajili ya utafiti. Ni vyema msomaji alitafakari ombi hilo kwa utulivu. Linatolewa kwa watu ambao mtoto wao angali hai au ametoka kufariki, na halina faida yoyote kwa mtoto huyo. Wapo waliokubali. Tangu hapo saa zinahesabiwa: tishu ya ponsi hutolewa mapema iwezekanavyo, husafirishwa ikiwa ndani ya kimiminika baridi, hukatwa vipande vidogo sana kwa wembe, hulainishwa kwa vimeng'enya hadi seli ziachane, huchujwa, kisha huwekwa katika kimiminika kisicho na seramu chenye vichocheo vya ukuaji. Mwanzoni kinachoonekana chini ya hadubini ni seli zilizokufa na mabaki tu. Uvumilivu ukilipa, vinaanza kuonekana vitufe vidogo vinavyoelea, na kila kitufe ni kundi la seli za uvimbe zilizo hai.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani. Monje angeweza kuzifungia seli hizo maabara kwake. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa utaratibu wa taaluma unamruhusu mtafiti kijana, na kwa kiasi fulani unamsukuma, alinde kitu adimu alichonacho mpaka amenufaika nacho. Yeye aliwapa wengine. Seli zilizokuzwa Stanford zilikwenda katika maabara za miji na nchi nyingine, na baadaye, mwaka 2017, maabara yake ilichapisha utaratibu mzima wa kuzikuza hatua kwa hatua ili hospitali yoyote yenye uwezo ifanye hivyo bila kumtegemea yeye. Kwa fikra zangu, ugawaji huo haupaswi kusomwa kama wema peke yake. Ugonjwa unaowapata watoto mia chache tu kwa mwaka nchini Marekani hauwezi kutafitiwa na maabara moja kwa siri, maana hakuna hospitali itakayopata wagonjwa wa kutosha, wala familia za kutosha zilizokubali kutoa. Anayekalia seli chache anachelewesha watu wote, na yeye mwenyewe akiwemo.

Matunda ya njia hiyo yalianza kuonekana upesi, na si kwake peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Memphis nchini Marekani na wa Montréal nchini Kanada, kila kundi kwa upande wake, waliripoti badiliko moja la kijeni katika histoni H3, protini ambayo DNA huzungushiwa, ambalo sasa tunajua lipo katika takriban asilimia 80 ya vimbe za DIPG. Mwaka 2015 muungano wa maabara za Marekani na Ulaya, Monje akiwa mmoja wa viongozi wake, ulichapisha matokeo ya kupima dawa kadhaa juu ya seli zilizotoka kwa wagonjwa mbalimbali. Dawa iliyong'ara maabara, panobinostat, ilifikishwa kwa watoto kupitia majaribio ya kitabibu, ingawa haikubadili hatima yao kama ilivyotumainiwa. Hilo halikuwa kosa la ushirikiano. Kwa mara ya kwanza dawa ilichaguliwa kwa kuangalia seli za ugonjwa wenyewe.

Sasa turudi kwenye swali la neva, maana kugawa seli kungemfanya Monje mtunza ghala anayeheshimika na si zaidi, kama asingekuwa na wazo lake mwenyewe. Wazo hilo lilianza na uchunguzi wa kawaida kabisa: DIPG hutokea zaidi kati ya miaka mitano na tisa, tena mahali palepale. Kwa nini umri huo, na kwa nini ponsi? Mwanasayansi wa saratani huenda angetafuta jeni. Mwanasayansi wa neva aliona kwamba umri huo ndio ambao neva za eneo lile zinavikwa myelini, ule utando wa mafuta unaoharakisha ishara za umeme, na kwamba seli zinazotengeneza myelini zina undugu wa karibu na seli za uvimbe. Ikiwa mtoto anapojifunza ujuzi mpya nyuroni zake huziamsha seli hizo zigawanyike, je, uvimbe hauwezi kuisikia amri ileile?

Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha upande wa afya. Kwa kutumia optojenetiki, mbinu ya kuwasha nyuroni kwa mwanga ambayo Karl Deisseroth, pia wa Stanford, alikuwa miongoni mwa waasisi wake, maabara ya Monje iliweka uzi mwembamba wa mwanga juu ya gamba la ubongo linalopanga mienendo kwa panya aliye macho. Mwanga wa bluu ulipigwa mara 20 kwa sekunde kwa nusu dakika, ukazimwa kwa dakika moja na nusu, ukarudiwa hivyo kwa nusu saa. Kila mwanga ulipowaka upande wa kulia, panya alianza kutembea kwa kuzunguka kuelekea kushoto, na ulipozimwa aliacha. Utafiti huo uliotoka katika Science mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyuroni zinazofanya kazi huchochea seli changa za myelini kugawanyika, na utando wa myelini kunenepa. Kilichobaki ni kuweka seli za saratani mahali palepale. Mwaka 2015, katika jarida la Cell, Humsa Venkatesh, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara hiyo, pamoja na Monje na wenzao walionyesha kwamba nyuroni zikiwashwa, glioma ya binadamu, yaani uvimbe wa kundi ambamo DIPG nayo imo, iliyopandikizwa kwa panya hukua kwa kasi zaidi, na kwamba mojawapo ya vichocheo ni neuroligin-3, protini ambayo wataalamu wa neva waliijua kama kiungo cha sinapsi, yaani mahali nyuroni zinapopashana ishara, na ambayo karibu hakuna aliyeitarajia kwenye orodha ya vichocheo vya saratani. Miaka miwili baadaye waliripoti kwamba kwa panya waliozaliwa bila protini hiyo, glioma kali za binadamu zilikwama kukua.

Hapa nataka kusimama kidogo. Tangu miaka ya 1930 wanapatholojia walikuwa wameona kwenye hadubini kwamba seli za glioma hupenda kujipanga kuzunguka nyuroni. Mwaka 2013 kundi jingine, likiongozwa na Claire Magnon na Paul Frenette, lilikwisha kuonyesha kwamba neva zinachangia kusambaa kwa saratani ya tezi dume. Ushahidi ulikuwapo, umetapakaa. Kilichokosekana ni mtu aliyefunzwa kusikiliza nyuroni, mwenye zana za kuziwasha na kuzizima, ambaye wakati huohuo ana seli za mgonjwa mkononi na anajua uso wa mtoto zilikotoka. Mambo hayo matatu yalikutana kwa mtu mmoja, na sidhani kwamba yangekutana kama angetii ushauri wa kawaida wa kuchagua kati ya kuwa daktari na kuwa mtafiti.

Tarehe 18 Septemba 2019 jarida la Nature lilitoa makala tatu kwa pamoja. Ya kwanza, ya kundi la Monje, na ya pili, ya kundi la Frank Winkler na Thomas Kuner wa Heidelberg nchini Ujerumani, zilionyesha kwamba nyuroni hufunga sinapsi halisi na seli za glioma, na kwamba umeme unaopita huko huusukuma uvimbe kukua na kupenya. Ya tatu, ya kundi la Douglas Hanahan nchini Uswisi, ilieleza jinsi seli za saratani ya matiti zilizofika ubongoni zinavyojiegesha karibu na sinapsi za nyuroni na kufyonza ishara zake. Katika mashindano ya kawaida ya sayansi, kugundua kwamba maabara ya nchi nyingine imefikia jambo lilelile ni habari ya kukosesha usingizi. Katika kisa hiki ilikuwa baraka, kwani dai lisilo la kawaida namna hiyo lingeweza kupuuzwa kwa miaka kama lingetoka kwa kundi moja. Mwaka uliofuata Monje na wenzake wengi kutoka pande zote mbili za fani walichapisha katika Cell waraka ulioeleza njia ambayo uwanja huu mpya, sayansi ya neva ya saratani, ungeifuata. Mwaka 2025 yeye na Winkler walipewa kwa pamoja tuzo ya Brain Prize ya Denmark kwa kuuasisi.

Uongozi wake, hata hivyo, ulipimwa vikali zaidi mahali pengine, kwenye jaribio ambalo wazo lake la msingi halikutoka kwenye sayansi ya neva hata kidogo. Crystal Mackall, mtaalamu wa kinga hapohapo Stanford, alikuwa ametengeneza seli T, yaani seli za kinga za mwili, zilizobadilishwa ili ziwinde GD2, molekuli ya sukari na mafuta. Ilibainika kwamba seli za DIPG zenye badiliko la H3 zimefunikwa na GD2 kwa wingi. Mwaka 2018 Mackall, Monje na wenzao waliripoti kwamba seli T hizo zilifagia uvimbe kwa panya, lakini baadhi ya panya wenye uvimbe katika thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, walikufa, kwa sababu mapambano ya kinga yalivimbisha ubongo mahali pasipo na nafasi. Mtaalamu wa kinga peke yake angeiona tiba inayofanya kazi. Mtaalamu wa neva aliona maji ya ubongo yakizibwa njia na shina la ubongo likibanwa. Jaribio kwa wagonjwa, lililoanza mwaka 2020, lilipangwa kwa kuzingatia hofu hiyo: kila mgonjwa aliwekewa kifaa chini ya ngozi ya kichwa cha kupima na kupunguza shinikizo la maji ya ubongo, na wapasuaji pamoja na madaktari wa uangalizi maalumu walikuwa sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza. Ninaona hapa mfano safi kabisa wa ushirikiano unaostahili jina hilo, ambamo ujuzi wa kila mmoja unaokoa kazi ya mwenzake isigeuke madhara.

Ripoti iliyotoka Nature mwaka 2024 ilihusu wagonjwa 11 waliotibiwa. Tisa walionyesha nafuu katika dalili za neva au picha za uvimbe. Kwa wanne uvimbe ulipungua kwa zaidi ya nusu, na kwa mmoja wao ulitoweka kabisa, akiwa bado hana dalili zaidi ya miezi 30 baadaye.

Tathmini ya haki lazima itaje pia yale ambayo hayaigiki. Monje alifanya kazi mahali ambapo mwasisi wa optojenetiki, bingwa wa Hedgehog na mtengenezaji wa seli T walikuwa ndani ya chuo kimoja, na aliungwa mkono na fedha nyingi. Alikuwa daktari, jambo lililompa haki ya kuketi na wazazi, na mtafiti wa neva asiye daktari angehitaji mwenza wa kliniki wa kuaminika ili afike hapo. Vilevile, wazo lenyewe la kuukatia uvimbe mawasiliano ya neva bado halijathibitika kuwaongezea wagonjwa maisha. Perampanel, dawa ya kifafa inayozuia ishara za aina hiyo, ilipunguza ugawanyikaji wa seli za glioma kwa panya, na huko Ujerumani imepelekwa kwenye jaribio la watu wazima wenye glioblastoma, glioma kali ya ubongo, lakini panya na binadamu ni mambo mawili, kama panobinostat ilivyokwisha kutuonyesha.

Linaloigika ni mpangilio wa maamuzi: kuomba tishu kabla ya kuomba umaarufu, kuzigawa seli kabla ya kumaliza kuzitumia, na kumkaribisha mtu wa kinga na mpasuaji kabla tatizo halijawahitaji. Na ndani ya jaribio la GD2 kazi haijafika mwisho. Wapo ambao uvimbe wao ulirudi baada ya nafuu, na kiwango cha juu cha seli zinazopewa kwa njia ya mshipa kilibidi kipunguzwe kwa sababu ya ukali wa homa na kuporomoka kwa shinikizo la damu. Hatua inayofuata ni kuzipitisha seli moja kwa moja kwenye vyumba vya maji ya ubongo tangu mwanzo, badala ya kuanza na mshipa, kwa dozi zinazorudiwa, ili timu ipime kama ponsi inaweza kuvumilia mapambano hayo kwa muda mrefu kuliko uvimbe unavyoweza kujificha.